Kwa nini pampu ya umeme ya dizeli inakufa kila baada ya miezi michache?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Canter yenye injini ya 4D33. Nabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar, narudi na saruji au bidhaa za duka. Mwaka jana ilianza kugoma asubuhi mpaka nipige pampu ya mkono, kisha milimani ikawa inakosa nguvu. Fundi akanifungia pampu ya umeme karibu na filta, shida ikaisha. Baada ya miezi mitatu ikafa. Nikafunga ya pili, haikumaliza hata miezi miwili. Ya tatu imefia Kitonga nikiwa na mzigo, gari likazima kabisa, nikalala njiani. Injini yenyewe ni nzima, haili oili, tena nikipima naona kama imeongezeka. Kingine kinachonisumbua ni betri tu: ya upande mmoja nimebadilisha mara mbili, mwenzake bado inadunda. Mpwa wangu aliyeko Marekani anataka kuninunulia pampu kubwa ya huko, anasema za huku ni feki. Nikubali?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kulala Kitonga. Mwambie mpwa wako asubiri kwanza. Pampu feki zipo, tena nyingi, lakini hata ungefungiwa orijino mahali palepale ilipofungwa hiyo ya tatu, nayo ingekufa. Kuna mambo matatu umeyataja kwa kupita tu, na mimi naona ndiyo yenye jibu: kupiga pampu ya mkono asubuhi, oili inayoongezeka, na betri ya upande mmoja.

Nianze na oili, maana hiyo haina subira. Oili haizaliani ndani ya injini. Kina kikipanda na hujaongeza kitu, basi kuna kinachoingia, na kitakuwa ama maji ama dizeli. Maji yangeigeuza oili iwe na rangi ya chai ya maziwa, na naamini ungeshtuka. Dizeli haibadilishi rangi. Inaifanya oili kuwa nyepesi na kuipa harufu yake. Dondosha tone moja kutoka kwenye kijiti cha kupimia juu ya karatasi nyeupe inayonyonya, uliache mpaka kesho yake. Ukikuta duara jeusi katikati na kulizunguka kuna utando mpana wenye mafuta ya rangi hafifu, dizeli imo.

Inaingiaje? Ubavuni mwa injekta pampu yako (pampu kuu inayopeleka dizeli kwenye nozeli) kuna fidi pampu, ile ndogo yenye kitufe cha kupiga kwa mkono. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa na kijiti cha chuma, na kijiti hicho kinaendeshwa na kamu iliyo ndani ya injekta pampu, mahali ambapo oili ya injini inazunguka. Kinachotenganisha dizeli na oili hapo ni jinsi kijiti kilivyobana kwenye tundu lake, basi. Kikilika, dizeli inapenya kidogo kidogo. Sasa fikiria umeweka nyuma yake, upande wa tenki, pampu ya umeme inayosukuma bila kupumzika. Pampu ambazo gereji nyingi huzifunga kwenye Canter ni za magari madogo ya petroli yenye injekta, na hizo zimetengenezwa kusukuma kwa bar 3 hivi. Fidi pampu yako kwa kawaida inafanya kazi kati ya bar 1 na 2. Penye kijiti kilicholika, msukumo huo wa ziada unageuza jasho kuwa mchirizi.

Kwa hiyo usilipeleke gari safari nyingine na oili hiyo. Beringi za krenki zinaishi juu ya utando wa oili, na oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kubeba uzito wa injini inayopanda mlima na tani nne za saruji (nafanya kama siamini kwamba huwa unazidisha). Mwaga oili yote, badilisha na filta yake, lakini baada ya kutengeneza chanzo, siyo kabla. Inawezekana pia dizeli inapitia kwenye plenja (vipistoni vinavyosukuma dizeli) za injekta pampu yenyewe, ila fidi pampu ndiyo ya kukaguliwa kwanza kwa sababu ni rahisi kuifungua, na pia inaweza kuwa ndiyo iliyokupa shida ya asubuhi.

Hiyo shida ya asubuhi ndipo kila kitu kilipoanzia. Gari lililolala usiku kucha na kuamka linataka kupigwa pampu ya mkono limepoteza dizeli kwenye paipu: imerudi tenki, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa. Ili hilo litokee lazima hewa ipate mlango. Mlango unaweza kuwa mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, washa ya shaba iliyotumika mara nyingi mno, sili ya chombo cha kutenga maji, au vivalvu viwili vidogo vya fidi pampu ambavyo havifungi tena vizuri. Ubaya wa upande huu wa kuvuta, kutoka tenki mpaka fidi pampu, ni kwamba hauvuji kwa nje. Injini ikiwaka, ndani ya paipu mgandamizo uko chini kuliko nje, kwa hiyo badala ya dizeli kutoka, hewa inaingia. Unaweza kulala chini ya gari na tochi saa nzima usione hata tone, huku mpira unakula hewa kila sekunde.

Fundi wako alipofunga pampu ya umeme, dalili ziliondoka kweli. Pampu ilikuwa na nguvu ya kuvuta dizeli pamoja na hewa yake na kuisukuma mbele mpaka irudi tenki kwa paipu ya marejeo. Ugonjwa ulibaki palepale, ila sasa aliyekuwa anaumwa ni pampu mpya.

Pampu ya namna hii haina feni wala rejeta. Mota yake imezama ndani ya mafuta yenyewe: dizeli inapita katikati ya waya na kaboni, inachukua joto, na hiyohiyo ndiyo inayolainisha beringi zake. Ikipita hewa, kwa kitambo hicho hakuna kinachoipoza wala kinachoilainisha. Hewa ya kila siku, povu dogo dogo kwa miezi miwili au mitatu, inatosha kumaliza rota na kaboni. Ukiongeza kwamba ilifungwa juu karibu na filta, hali ni mbaya zaidi. Pampu hizi zina nguvu ya kusukuma kuliko ya kuvuta. Kinachopeleka dizeli mpaka kwenye mdomo wake ni uzito wa hewa ya nje unaokandamiza dizeli iliyo tenki, na uzito huo si sawa kila mahali. Dar, usawa wa bahari, ni karibu kPa 101. Ukiwa nyanda za juu kwenye mita 1,700 umebaki na kama 82. Umepoteza karibu moja ya tano kabla hujahesabu filta chafu wala mpira uliojikunja. Mvuto ukizidi, hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli inaanza kujitenga na kuwa mapovu hata kama paipu zako hazina tundu popote. Ndiyo maana pampu ya umeme inafungwa chini, karibu na tenki, mdomo wake ukiwa usawa wa dizeli au chini yake, ili isukume njia ndefu na kuvuta njia fupi.

Kingine ni uzito wa dizeli. Kwa viwango vya Ulaya, dizeli kwenye nyuzi 40 ina mnato wa kati ya 2 na 4.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Petroli haifiki hata 1. Mota iliyopimwa kwa petroli inapopewa dizeli inafanya kazi kubwa zaidi, inakula umeme mwingi zaidi na kuchemka zaidi, na asubuhi ya baridi kule Njombe dizeli inakuwa nzito kuliko hapo. Muuzaji atakwambia "hii inafaa zote." Inafaa kwa maana kwamba itazunguka. Uliza kama maandishi ya kiwandani yanataja dizeli na kazi ya mfululizo, kwa sababu kuna pampu zilizotengenezwa kuhamisha mafuta kwa dakika chache kisha zipumzike, na dukani zinakaa rafu moja na hizo nyingine.

Sasa betri. Canter yako ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa kwa mfululizo. Pampu nyingi za dukani ni za volti 12. Fundi akiunganisha pampu ya 12 kwenye 24 itaungua upesi, kwa hiyo anafanya kile ambacho wengi hufanya hata kwa redio: anachukua waya katikati ya betri mbili, anapata volti 12, kazi imekwisha. Lakini alteneta haijui habari hiyo. Inaona jumla tu, na inachaji mpaka jumla ifike volti 28 hivi. Betri inayolisha pampu inapungua muda wote gari linapotembea, mwenzake haipungui, na zote zinapokea mkondo uleule wa kuchaji. Mwishowe moja inabaki na njaa na nyingine inalishwa kupita kiasi hadi inakauka maji. Chukua mita, weka gari kwenye mzunguko wa wastani, pima kila betri peke yake. Zikipishana kwa zaidi ya nusu volti, umepata mla betri wako. Nakushauri usinunue betri nyingine mpaka waya ule wa katikati uondolewe.

Na umeme unaofika kwenye pampu ni kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi hawapimi kabisa. Kwa kawaida waya unaotumika ni ule mwembamba uliobaki kwenye droo. Tuchukulie waya wa milimita za mraba 0.75, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, pampu ikila ampia 5. Waya peke yake unakula volti 1.4 njiani. Ongeza swichi ya taa iliyogeuzwa kuwa swichi ya pampu na arthi iliyofungwa kwenye boti yenye kutu na rangi, halafu shangaa kwa nini pampu ya volti 12 inapata 10. Pampu yenye njaa ya umeme inazunguka polepole. Mtiririko unapungua, mafuta ya kuipoza yanapungua, na kaboni zinatoa cheche zaidi. Pima kwenye ncha za pampu yenyewe, injini ikiwaka na pampu ikifanya kazi. Ukipima kwenye betri hujapima kitu.

Kama hujazitupa zile tatu, usizitupe. Pampu iliyokufa ina habari nyingi kuliko mpya iliyo ndani ya boksi. Mwaga mafuta yaliyobaki, iache wazi nje ikauke siku nzima, kisha ikate ganda kwa msumeno wa mkono. Msumeno wa mkono, narudia, siyo grinda, maana ndani bado kuna mvuke na grinda ni cheche tupu. Angalia kwanza chujio dogo la mdomoni. Likiwa limejaa utelezi mweusi, tenki lako lina vimelea wanaoota pale maji na dizeli vinapokutana. Likiwa na unga mwekundu, ni kutu. Kisha tazama komyuteta, ile shaba inayoguswa na kaboni. Ikiwa imechimbika na nyeusi upande mzima na kaboni zimeisha, pampu imefanya kazi ngumu kwa muda mrefu: umeme mdogo, dizeli nzito, au kazi isiyo na mapumziko ambayo haikuumbiwa. Ikiwa komyuteta ni safi lakini rota na nyumba yake zina mikwaruzo ya kung'aa kama zimesagwa, ilizunguka kavu au ilimeza mchanga. Mikwaruzo bila mchanga kwenye chujio ni hewa. Ukikuta kutu kwenye chuma cha ndani, ni maji. Na kama ndani kuzuri kabisa ila plagi ya waya imeyeyuka, pampu haikuwa na kosa, uliua mwenyewe kwa kiungio kibovu. Kwa maelezo yako nategemea utakuta mikwaruzo kwenye ile ya kwanza na ya pili, na labda komyuteta iliyokwisha kwenye ya tatu, lakini zikate uone mwenyewe.

Kuhusu mafuta ya kuchakachua, najua ndiyo lawama ya kwanza barazani. Mafuta ya taa yanapunguza ulainishaji, ni kweli. Lakini Tanzania EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida, na tangu hapo mchezo ule si kama zamani. Tena mafuta ya taa yangekuonea kwanza nozeli na plenja za injekta pampu. Mimi wasiwasi wangu mkubwa ni maji na uchafu wa tenki lako mwenyewe, hasa kama una kawaida ya kujaza kutoka kwenye madumu ya kando ya barabara.

Kwa nini basi ifie Kitonga na isifie kwenye tambarare ya Mikumi? Kwa sababu mlima unakusanya madeni yote mahali pamoja. Injini inachoma dizeli kwa kiwango cha juu kwa muda mrefu. Chini ya kabati kuna joto, na mwendo ni mdogo kwa hiyo hewa ya kupoza ni kidogo. Tenki linapolala kwa mteremko na dizeli ikiwa imepungua, mdomo wa paipu ya kuvutia unaweza kubaki nje na kunyonya hewa. Kilichokufanya ulale njiani kabisa ni kwamba pampu ilipokufa iligeuka kizibo. Zipo pampu za mpigo, zile za boksi dogo zinazolia tik-tik-tik, ambazo zikizimwa bado zinaruhusu mafuta kupita. Za kuzunguka nyingi haziruhusu, au zinaruhusu kwa shida. Fidi pampu yako, hata kama ilikuwa na nguvu kidogo iliyobaki, ilikuwa inajaribu kuvuta kupitia maiti.

Turudi kwa mpwa wako. Ushauri wake haukutoka hewani, kwa nchi aliyopo. Pikapu za Dodge Ram za kuanzia katikati ya 1998 hadi 2002, zenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na valvu 24, zilikuwa na pampu ya umeme ya kiwandani iliyofungwa ubavuni mwa injini, mbali na tenki, ikivuta njia ndefu na kutikiswa na injini siku nzima. Ilikuwa inakufa, na ikifa inaondoka na injekta pampu ya VP44, kwa sababu VP44 inapozwa na kulainishwa na dizeli hiyohiyo. Watu waliumia mifuko, na baadaye kiwanda kikahamishia pampu ndani ya tenki. Upande wa GM, pikapu zenye injini ya dizeli ya Duramax ziliuzwa kuanzia 2001 hadi 2016 bila pampu yoyote ya umeme ya kulisha, injini ikijivutia yenyewe kutoka tenki. Hapo ndipo soko la pampu kubwa za kufunga baadaye lilipozaliwa, zenye filta zake na sehemu ya kutenga hewa. Ni vyombo vizuri. Ila vimetengenezwa kwa pikapu za volti 12 zenye mfumo wa kielektroniki, na nyingi zinasukuma zaidi ya lita 350 kwa saa.

Wewe unahitaji ngapi? Tuseme injini yako inatoa kW 90 ikiwa imebanwa kabisa. Kwa gramu 220 za dizeli kwa kila kW kwa saa, hiyo ni kilo 20 hivi, yaani lita 24 kwa saa. Fidi pampu inatoa mara kadhaa ya hapo ili inayobaki izunguke, ipoze na kurudi tenki. Paipu yako ya marejeo imepimwa kwa kiasi hicho. Ukiipelekea lita 350, haina pa kuzipitisha, na msukumo unaozidi utatafuta njia penye udhaifu, na udhaifu wako tayari tunaujua uko wapi. Mshukuru mpwa, mwombe hela hiyo ainunulie kitu kingine.

Hivi ndivyo ningefanya ungeniletea gari gereji. Kwanza naiondoa pampu ya umeme kabisa na kurudisha paipu kama zilivyokuwa. Halafu kipimo cha dumu: dumu safi la lita 20 lenye dizeli iliyochujwa, limefungwa imara bodini, juu kuliko injini na mbali na sailensa, mpira mmoja mpya kutoka humo unaingia moja kwa moja kwenye fidi pampu, na paipu ya marejeo inarudi humohumo dumuni. Washa, tembea kidogo, panda kilima cha karibu ukiwa na mzigo. Gari likirudi na nguvu zake, ugonjwa uko kati ya tenki na injini na fidi pampu bado inajiweza. Likibaki legelege hata kwa dumu, basi ni fidi pampu, filta, au mbele zaidi. Kipimo hiki hakina gharama yoyote ya maana, na sielewi kwa nini gereji nyingi zinaanza na spea mpya badala ya dumu.

Ikiwa ni upande wa tenki, weka kipande cha mpira wa kuona ndani karibu na fidi pampu na uangalie. Kipovu kimoja kimoja mwanzoni si neno. Mlolongo usiokoma ni hewa inayoingia, na hapo unasogeza mpira huo nyuma kiungio kwa kiungio mpaka mapovu yapotee. Kiungio ulichokipita mwisho ndicho chenye tundu. Badilisha mipira yote ya upande wa kuvuta kwa mara moja, iliyoandikwa kuwa ya mafuta, na uifunge kwa klipu, siyo waya wa bandingi wala raba ya tyubu. Washa za shaba weka mpya, au zile za zamani zipashe moto mpaka ziwe nyekundu na kuzipoza zilainike. Fungua kifuniko cha tenki baada ya safari: ukisikia limevuta pumzi, tundu la hewa la tenki limeziba na injini imekuwa ikivuta dhidi ya tenki lenyewe. Shusha tenki, lioshe, angalia chujio la chini. Kazi ya nusu siku, chafu, na hakuna anayeipenda.

Fidi pampu ifunguliwe hata kama kipimo cha dumu kimeisafisha, kwa ajili ya ile oili. Vivalvu, springi na sili zinauzwa kama kiti ndogo, na bei yake ni chini ya pampu ya umeme. Kijiti kikiwa kimelika pamoja na tundu lake, usihangaike kukitengeneza: nunua fidi pampu nzima, hata mtumba mzuri uliopimwa. Ukiziba kidole kwenye mdomo wa kuvutia na kupiga kitufe, unapaswa kuhisi inanyonya na kushikilia kwa sekunde kadhaa. Ikiachia mara moja, valvu hazifungi.

Baada ya hapo, mimi nisingerudisha pampu ya umeme kwenye 4D33. Injini hii ilitoka kiwandani bila hiyo na imepanda milima ya nchi hii miaka mingi. Lakini nafahamu madereva wengine hawalali bila hiyo, na kuna sababu ya haki ukiongeza tenki la pili nyuma kabisa. Ukiamua hivyo, itafute ya volti 24, ya dizeli, ya msukumo mdogo usiozidi nusu bar, na ikae chini kando ya tenki baada ya chujio. Ukikosa ya 24, weka konveta ya kushusha 24 hadi 12, usiguse katikati ya betri. Waya wa milimita za mraba 2.5, rilei, fyuzi karibu na betri, arthi kwenye chuma kilichokwanguliwa. Pembeni yake pitisha njia ya pili yenye valvu ya kwenda mbele tu, ili siku ikifa fidi pampu ivute kupitia hapo na ufike nyumbani. Na rilei iongozwe na swichi ya msukumo wa oili, siyo ufunguo peke yake. Gari likipinduka na ufunguo ukabaki umewashwa, pampu iliyounganishwa na ufunguo tu itaendelea kumwaga dizeli juu ya injini yenye moto.

Ukishapima, niandikie mambo manne: volti za kila betri injini ikiwaka, dumu lilibadilisha nini, umekuta nini ndani ya zile pampu tatu, na kina cha oili wiki moja baada ya kuimwaga na kuweka mpya. Kama hicho cha mwisho kitaendelea kupanda hata baada ya fidi pampu kutengenezwa, itabidi injekta pampu ishuke ikapimwe mezani, na hapo tutaongea habari ya plenja.